Konokono wa Rohan

Innisfail
Jumapili, 2 Machi 2014

Mwanangu Tamsin,

Nimefika salama. Basi lilisimama saa nzima Babinda tukingoja maji yapungue barabarani, nikashuka nimevimba miguu. Ahsante kwa chai, na ahsante kwa kunivumilia jana saa tatu nzima nimekaa kama sanamu mbele ya tangi la samaki. Najua unaniona kituko. Mwenyewe najiona.

Lakini nikwambie. Nina picha za Rohan, nina viatu vyake vya kazi, nina cheti chake cha ufundi umeme hapa ukutani. Vyote hivyo ni vitu tu. Wale konokono saba ndio kitu pekee chenye uhai ambacho mkono wa mwanangu ulikigusa. Aliwaokota mmoja mmoja kwenye mawe ya kijito, jicho moja kwa konokono, jicho la pili kwa mamba, akawazoesha maji ya nyumbani polepole wiki tatu. Miaka miwili sasa mumeo yuko chini ya udongo, na wao bado wanapanda kioo wakila. Nikiwatazama napumua vizuri. Mwezi mzima naingoja ile Jumamosi ya kwanza ya kuja kwako.

Sasa neno moja, na usinune. Kioo cha nyuma kina utando wa kijani mpaka aibu. Chukua sponji, mwanangu, dakika mbili tu. Na yule Kibogoyo, mwenye pengo kwenye gamba, mbona siku nyingi silioni pengo lake, na jana tena? Nimewahesabu wote saba, nimewageuzia macho kila upande, pengo hakuna.

Nijibu kwa barua. Hiki kifaa cha sikioni kikisogezewa simu kinapiga filimbi, na isitoshe kwenye barua hakuna anayenikatiza maneno.

Mama yako,
Verna


Cairns
20 Machi 2014

Mama,

Pole na miguu. Kibogoyo hajambo. Gamba la konokono hujiziba lenyewe anavyokua, kama ukucha wako ukivunjika, ndiyo maana hukuliona pengo. Na ule utando wa kijani ndio ugali wao, Mama. Ndiyo kazi waliyoletewa kufanya. Rohan hakuwahi kusugua kioo cha nyuma hata siku moja, aliwaachia wao. Tukisafisha tangi mpaka ling'ae, wanakufa njaa huku sisi tunajisifu.

Kuna jambo nilitaka kukwambia Jumamosi ile nikashindwa, ulikuwa umetulia sana. Nimepata kazi Hobart, kule Tasmania, kwenye maktaba. Naanza katikati ya Julai. Nyumba hii ni ya kupanga na mwenyewe nimeshamwarifu. Najua ni mbali, najua ni upande wa pili kabisa wa nchi. Nimekaa hapa miaka miwili nikipita kila siku kwenye kiti chake, na siwezi tena.

Konokono siwezi kwenda nao. Tasmania hawaruhusu mtu aingie na konokono vivi hivi, wanaogopa viumbe vya huku visije vikasambaa kwenye mito yao. Samaki na konokono wote nitamwachia Horrie Pascoe, yule mzee wa chama cha wafuga samaki aliyekuwa rafiki wa Rohan. Ana matangi kumi na nne na anajua anachofanya. Nimeshaongea naye, amesema unakaribishwa kwake siku yoyote.

Tamsin


Innisfail
24 Machi 2014

Tamsin,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Hobart! Haya. Wewe ni kijana, miaka thelathini na minne si uzee, siwezi kukufunga kamba. Nenda.

Ila huyo Horrie Pascoe ni nani kwangu? Nimekutana naye mara moja, mazikoni, akala keki zangu za nazi sita na hakusema pole. Eti nimwombe ruhusa mtu wa kando kwenda kuwatazama konokono wa mwanangu! Mimi nipo. Mimi ndiye mama. Nipe mimi. Santo, jirani yangu hapa wa shamba la miwa, alikuwa na tangi la mjukuu wake limekaa bure, nimeshalichukua, nimeliosha kwa maji ya moto mara tatu na kuliweka sebuleni pale palipokuwa redio. Linang'aa kama jicho. Nina maji safi ya mvua, hayana dawa za mjini. Wewe niambie tu siku ya kuja kuwachukua.

Verna


Cairns
2 Aprili 2014

Mama,

Tafadhali usikasirike. Hapana.

Si kwamba sitaki. Maji yako ya mvua ni laini mno. Konokono hujenga gamba kwa chokaa iliyomo ndani ya maji, na maji ya mvua hayana chokaa. Yatawalamba magamba mpaka yatoboke wakiwa hai ndani yake. Na tangi jipya lililong'aa halina chakula. Tangi linatakiwa likae wiki nyingi, lichafuke kwa utaratibu, ndipo konokono aingie. Akianguka chali mara nyingi hawezi kujigeuza, lazima uwe na macho ya kumwona umgeuze. Kifuniko kikiachwa wazi anatoka, unamkuta amekauka nyuma ya kabati. Rohan mwenyewe alipoteza wengi kabla ya kujua. Horrie anaijua kazi hiyo.

Ukija Mei tutaongea vizuri, nakuomba.

Tamsin


Innisfail
7 Aprili 2014

Tamsin,

Kwa hiyo maji yangu ni mabaya. Rohan alikunywa maji hayo hayo miaka ishirini na mitatu, na mifupa yake ilikuwa mizima, mpaka siku ulipomwita akufuate.

Nimeliandika sasa, na silifuti. Miaka miwili nimelimeza. Ulikuwa juu Atherton kwenye harusi ya shoga yako, ungeweza kulala huko, ungeweza kurudi na wengine. Lakini wapi, lazima mume aje kukuchukua, mvua inanyesha, barabara ya mlima inateleza kama sabuni. Sikusema kitu mazikoni. Sikusema kitu Jumamosi zote hizo nilizokuja kunywa chai yako. Nilijiambia, Verna, huyu naye amefiwa.

Halafu Joan wa kanisani ana binti huko Cairns, na binti ana macho. Ananiambia Hobart si maktaba tu. Kuna mwanaume. Ni kweli au si kweli? Maana kama ni kweli, sasa naelewa kwa nini vitu vya Rohan vinagawiwa kwa wapita njia.

Verna


Cairns
19 Aprili 2014

Mama,

Ni kweli. Anaitwa Callum. Nimemjua miezi saba. Nilitaka kukwambia kwa mdomo na si kwa barua, na kila Jumamosi ulipokuja nilikuona umekaa mbele ya tangi, maneno yakanikauka. Hilo ni kosa langu na naliombea msamaha.

La Atherton siombi msamaha. Nililala nalo kabla hujaliandika. Alinipigia yeye, akasema anakuja, nikamwambia asije, akacheka. Unamjua alivyokuwa. Hilo ndilo lililotokea, na kama hutaki kuamini, basi usiamini.

Konokono hawaji Innisfail. Nisikilize mara hii moja tu. Ninayo sababu, na ni kwa ajili yako. Waache kwa Horrie, uwe unakwenda kuwatazama wakiwa wazima. Nakuomba kwa jina la Rohan.

Tamsin


Kikaratasi kilichoachwa juu ya kifuniko cha tangi, Cairns
Alhamisi, 8 Mei 2014

Ufunguo alinipa Rohan mwenyewe, kwa hiyo sikuvunja mlango. Santo amenileta kwa pikapu lake. Najua Alhamisi uko kazini mpaka saa kumi na moja.

Nimewachukua wote saba kwenye ndoo ya aiskrimu, na maji yako kidogo ili wasishtuke. Samaki nimekuachia, na kiti chake nimekuachia, mpe huyo Callum akikalie. Usinifuate. Konokono hawa wamerudi kwao.

V.


Cairns
8 Mei 2014, jioni

Mama,

Sijaja kwa sababu Santo ananiambia kwenye simu kwamba hutafungua mlango. Amesema barua hii atakupa kwa mkono. Basi soma, na ufanye hivi, hata kama unanichukia.

Usiwaweke kwenye maji ya mvua matupu. Nunua ule mfupa mweupe wa ngisi wanaopewa kasuku, uzamishe ndani. Kama Santo ana matumbawe yaliyosagwa ya kuwapa kuku, tia kiganja kimoja. Usisugue kioo, usisugue jiwe, usisugue kitu chochote. Chemsha kipande chembamba cha boga changa, kiache kipoe, kiweke chini jioni na ukitoe asubuhi. Geuza aliyelala chali. Funika. Maji ya bomba la zamani la jikoni kwako usitumie kabisa, lile bomba ni la shaba, na shaba ni sumu kwao, hata kidogo sana.

Na usitie dawa yoyote, Mama. Yoyote ile. Ukiona vijidoa vyeupe juu ya jiwe au gogo, hayo ni mayai yao, si ugonjwa. Hutaga kila mahali na kwenye maji yasiyo na chumvi hayaanguliwi, yanakaa tu. Yaache. Usitie dawa.

Niandikie wanavyoendelea.

Tamsin


Innisfail
20 Mei 2014

Tamsin,

Mahubiri yako nimeyapata. Mfupa wa ngisi nimetia, usinione mjinga. Boga wamelipanda wote saba kwa pamoja, nimecheka peke yangu kama mwehu. Nimekaa nao kila asubuhi na chai yangu, nawapa habari. Nimewaambia Santo ameanza kuvuna miwa, na timu ya Rohan imefungwa tena, angetukana.

Akina mama wa kanisani walikuja Jumatano kuwaona. Nilisafisha kioo kidogo kabla hawajafika, maana siwezi kumkaribisha mtu kwenye uchafu. Joan amesema ni kama Rohan yumo humu ndani. Nimelia mbele yao na sikuona haya.

Unaona sasa? Hakuna sayansi yoyote. Ni upendo tu uliokuwa umepungua.

Verna


Innisfail
8 Juni 2014

Umewafanya nini?

Wanne wamekufa. Wa kwanza nilimkuta chini Jumatatu, nikadhani amelala, nikamgeuza, nikamgeuza tena, Jumatano Santo akasikia harufu tangu mlangoni. Watatu waliobaki magamba yao yamekuwa meupe juu, yana vishimo, ukimgusa mmoja unaogopa kidole kitaingia. Hawapandi tena kioo. Boga hawaligusi.

Miaka miwili walikuwa wazima kwako. Mwezi mmoja kwangu. Usiniambie ni maji. Ulijua nitakuja kuwachukua, ukawatia kitu, au ukawaacha na njaa tangu Aprili ili wanifie mkononi. Mtu anayeweza kumficha mama mkwe wake mwanaume miezi saba anaweza lolote. Nimemwambia Joan, na nimemwambia mchungaji, na nitamwambia yeyote atakayeniuliza kwa nini nimekonda.

Ulimuua mwanangu barabarani, na sasa umemuua mara ya pili. Hongera. Nenda Hobart.

Verna Cattermole


Cairns
12 Juni 2014

Mama,

Niliapa sitakuandikia barua hii. Niliapa mbele ya jeneza lake. Umenitoa kwenye kiapo changu mwenyewe, na nakuandikia kwa hasira, kwa hiyo kaa chini.

Wale si konokono wa Rohan.

Konokono wa Rohan walikufa wote saba wiki ile ile aliyokufa yeye, kabla hatujamzika. Ulikuwa umekuja kukaa hapa kwangu, hukulala, hukula, ulikuwa unafuta vumbi juu ya vitu ambavyo havina vumbi. Jumanne asubuhi ulinikuta jikoni ukaniambia, nimewatibu samaki wa Rohan, walikuwa wameshikwa na vile vidoa vyeupe alivyokuwa akivilalamikia, gogo zima limejaa. Ulikuwa umefurahi. Ilikuwa mara ya kwanza siku nne kukuona umefurahi. Nilikuitikia, sikuelewa ulichosema, sikuwa najielewa mwenyewe.

Ule ugonjwa huwapata samaki, Mama, kwenye ngozi. Haukai kwenye gogo. Vile vya kwenye gogo vilikuwa mayai ya konokono. Na dawa uliyoikuta kabatini ni dawa ya shaba. Rohan aliitumia kwenye ndoo pembeni, kwa samaki mgonjwa peke yake, na hakuiacha ikaribie tangi.

Alhamisi niliwakuta chini wote, wamelala chali kwenye mchanga. Wewe ulikuwa sebuleni, umekaa kwenye kiti chake, umekumbatia shati lake. Ukaniuliza, mbona siwaoni konokono? Ningekujibu nini? Kesho yake tunakwenda kumzika mtoto wako wa pekee. Nikakwambia nimewahamishia kwenye ndoo mpaka maji yatulie.

Ulipoondoka kwenda kwako nilikwenda kwenye kile kijito. Mimi, ambaye mamba naogopa hata kwenye picha. Nikapanda mawe yale peke yangu na ndoo, nikitafuta wenye mistari inayofanana, nikapata saba, nikawazoesha maji wiki tatu kama alivyokuwa akifanya. Wale nao hawakudumu. Kila mmoja wao alipokufa nilirudi kijitoni. Nimekwenda mara tano, Mama. Pengo la Kibogoyo sikuweza kulipata. Nililisaga gamba la mmoja kwa tupa ya kucha nikaona namtesa bure, nikaacha, nikakudanganya kwamba gamba hujiziba.

Sababu niliyokwambia ninayo ndiyo hiyo. Nilijua kwako watakufa, na nilijua utalia kama umemzika tena. Nilitaka tu uwaache wakiwa hai.

Sikuwatia kitu. Umewasugulia chakula chao ukawakaribisha wageni. Mara ya kwanza dawa, mara ya pili sponji. Umeniita muuaji mbele ya mchungaji. Sasa unajua nani alimwua nani kwenye tangi lile.

Tamsin


Innisfail
29 Juni 2014

Tamsin,

Nimekaa na barua yako wiki mbili na nusu.

Chupa naikumbuka. Ilikuwa ya buluu. Niliisogeza karibu na macho nikasoma maandishi ya mbele tu, miwani niliiacha bafuni. Nilipima vijiko vitatu vya chai, nikaongeza cha nne ili wapone haraka. Nilijiambia, angalau kuna kitu kimoja chake ninaweza kukitunza.

Nimerudi kwa mchungaji nikamwambia nilimsema mtu uongo. Joan pia nimemwambia. Hakuniamini, ameshazoea hadithi ya kwanza na anaipenda zaidi. Hilo nitalibeba. Neno la kumuua mara ya pili nisingeliandika kama ningejua, lakini nimeliandika, na karatasi unayo wewe.

Usitegemee shukrani. Najua ulifanya kwa wema, najua kuhusu mamba, nimeyasoma yote. Lakini miaka miwili nimekuja kwa basi nikakaa mbele ya kioo, nikiwahadithia konokono wasiomjua habari za utotoni mwa mwanangu, na wewe uko jikoni unakata keki na unajua. Uliniangalia. Kila Jumamosi uliniangalia ukanihurumia kama mtoto mdogo. Naona haya mpaka siwezi kutoka kwenda dukani. Ungenipiga kofi siku ile ile ukaniambia, mama, umewaua, ningekuchukia mwaka mmoja na leo tungekuwa tunazungumza.

Wa mwisho amekufa juzi. Tangi nimemrudishia Santo.

Nina swali moja tu, na kwa kuwa sasa umeanza kusema kweli, nijibu kweli. Wale saba wenyewe. Waliokuwa wake. Uliwaweka wapi? Nataka kujua mahali. Kama ni bustanini kwako, nitakuja kabla hujaondoka, nitasimama kidogo halafu nitaondoka, sitakusumbua.

Verna


Cairns
3 Julai 2014

Mama,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza niliandika kwamba niliwazika chini ya mlimau, nyuma ya nyumba, kwenye leso yake. Ilikuwa barua nzuri. Ungepanda basi, ungesimama pale, ungelia, na pengine ungenisamehe. Niliisoma nikaona naweza kuituma na hutajua maisha yako yote. Nimeichana.

Niliwatupa. Walikuwa wameshaanza kunuka, Mama. Konokono aliyekufa ananuka kuliko unavyoweza kufikiri, na nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja kumlilia, na sikuwa na nguvu ya kuchimba hata shimo la kidole. Niliwafunga kwenye gazeti, gazeti kwenye mfuko, mfuko nikautia kwenye pipa la taka barabarani. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku ya kuzika. Gari la taka lilipita saa moja na nusu.

Tulikuwa wote wawili barazani tumevaa nguo nyeusi, tunangoja gari la kutupeleka kanisani. Tulilitazama lile la taka likilinyanyua pipa, likalimwaga, likaenda. Ulikuwa umenishika mkono.

Tamsin